Sauti ya Yule Msichana

Doctor Who, hadithi ya Kiingereza ya msafiri wa zama, ninayoizungumzia hapa si ile ya televisheni. Kampuni ya Big Finish ya Uingereza ilianza kutoa visa vyake vya kusikiliza tu mwaka 1999, na cha kwanza kiliitwa The Sirens of Time. Kaka yangu alirudi nacho likizo kutoka Dar es Salaam, kwenye CD mbili. Usiku huo Gungu nzima, mtaa wetu hapa Kigoma, haikuwa na umeme. Nikatia mawe mapya kwenye redio, baba mdogo akasogeza kiti.

Kiingereza chake kilikuwa kidogo, hivyo kila baada ya muda nilisimamisha CD nikamweleza. Nilidhani kitakachomsumbua ni kile kibanda cha bluu cha polisi kinachosafiri kutoka zama hadi zama, tena ndani ni kikubwa kuliko nje. Hicho alikipokea bila swali. Yeye alitaka siasa: nani kamtuma nani, na nani anafaidika.

Kisa kinaanzia kwenye sayari ya mbali, kwa mzee aliyewahi kuwa kamanda katili na sasa anawindwa na wauaji. Sehemu ya pili inaturusha hadi Atlantiki, mwaka 1915, ndani ya nyambizi ya Kijerumani. Nikawa nimezama kwenye vishindo vya mitambo na maji, kwa sababu mchezo wa sauti ukitengenezwa vizuri hukuachia kazi ya kuona, na mimi maji niliyokuwa nayo kichwani yalikuwa ya Tanganyika. Baba mdogo akanishika mkono.

"Simamisha. Huyo binti ni yule yule wa mwanzo."

"Hapana, baba. Huyu ana jina lingine."

"Jina, sawa. Sauti ni ile ile."

Alikuwa amefanya kazi ya simu za stesheni kwa miaka mingi, akiwajua watu wa reli mpaka Tabora bila kuwahi kuonana nao. Nikarudisha nyuma, tukasikiliza. Mwigizaji alikuwa mmoja kweli. Nikasema labda wamebana matumizi. Akakataa katakata: mtu anayetokea kila penye vurugu, kila mara na jina jipya, huyo katumwa.

Hapo akaniambia habari za Tatu. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kwa mashua kutoka hapa Kigoma kwenda Kongo, akiwa amejificha nyuma ya jina hilo. Wenzake walikuwa Moja na Mbili. Novemba akarudi kwa njia ya ziwa hilo hilo, ameshindwa. Watu wa mji walikuja kujua baadaye sana. Kuhusu 1915 hakuhitaji kufikiri: ndio mwaka ambao Wajerumani walishusha majini Graf von Götzen, meli iliyoletwa vipande vipande kwa reli, wakaizamisha wenyewe 1916. Ndiyo Liemba yetu.

Sehemu ya tatu ikaja na msichana mwingine, sauti ile ile. Baba mdogo hakusema kitu, alinyoosha kidole tu kuelekea redio. Ya nne ilipofichua yule binti ni nani hasa, alipiga paja kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu astaafu.

"Weka ya kwanza tena," akasema. "Safari hii usinitafsirie. Nataka kumsikia anavyovuta pumzi kabla ya kudanganya."