Dola Mbili Kasoro Robo

Shemeji aliniambia zunguka Louisville yote, mji wao huku Marekani, ila Barabara ya Tisa usiivuke. Alisema huku anakoroga chai, hata hakuniangalia. Kuna nini ng'ambo? "Hakuna kitu." Sasa kama hakuna kitu, nyumba aliyokulia Muhammad Ali nitaiona wapi? Nimetoka Ilala, nimelala vitini kwenye viwanja viwili vya ndege, na wa tatu niliotua una jina la Ali huyo huyo. Siwezi kurudi na picha za sebule ya dada.

Teksi ya kwenye simu ilitaka dola 24. Kwa hela hiyo Ilala nakula mchana wiki nzima na chenji inabaki. Nikasema nitapanda basi.

Jumapili katikati ya mji hapana mtu. Nilingoja karibu saa nzima, mitaa michache kutoka kile kibustani walikokesha waandamanaji mwaka 2020 baada ya polisi kumuua Breonna Taylor, mwanamke mweusi, nyumbani kwake. Basi likaja. Nauli dola moja na senti 75, unatumbukiza kwenye sanduku, na sanduku halirudishi chenji. Mimi nina noti moja, ya 20. Dereva ananitazama, mimi naitazama noti.

Nyuma yangu mkono ukapita, sarafu zikaingia. "Ingia, papa. Tunachelewa."

Mama wa makamo, kitenge, koti zito juu yake, mifuko miwili. Nikamshukuru kwa Kiswahili, akacheka mpaka akashika kiti. "Weye wa Tanzania! Unasemaka kama ku redio." Mfuko mmoja ulikuwa na unga, wa pili ndagala, dagaa hawa hawa wa Ziwa Tanganyika, amewafuata mbali kwa sababu upande anaokaa maduka ya vyakula ni ya kuhesabu. Harufu ikajaa basi. Kijana mmoja akahamia kiti cha nyuma, akafungua dirisha. Mama akausogeza mfuko katikati ya miguu yake, akaufunga fundo la pili.

Tukaivuka hiyo Barabara ya Tisa. Ni pana kupita kiasi, na ng'ambo yake wanaopanda ni weusi watupu. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha usomi. Nikamweleza kwamba mwaka 1914 mji huu ulitunga sheria ya kumzuia mtu mweusi kuhamia mtaa wenye wazungu wengi, Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta mwaka 1917, lakini watu wamebaki walivyo. Nikamwambia hata Dar mkoloni aliacha uwazi kati ya Uhindini na Kariakoo ya Waafrika, ndio Mnazi Mmoja yetu ya leo. Sisi tuliyafuta hayo, nikasema. Kwa majivuno kidogo, nakiri.

Akanisikiliza vizuri kabisa. Kisha: "Mimi nilikaaka Nyarugusu myaka kumi na tatu."

Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi iliyoko Kigoma, kwetu Tanzania. Kigoma sijawahi kufika.

"Kutoka mu kampi ni karatasi. Ukipita kilometa ine bila karatasi, polisi anakukamata. Kuni tu, papa. Nilikuwa natafuta kuni." Akaonyesha dirishani, nyumba za mbao, kiwanja kitupu, kanisa, kanisa tena. "Hapa watoto wa shule wanamwambiaka mwanangu arudi Afrika. Weusi wenzake. Inauma. Lakini karatasi ya kupita ku barabara hakuna mwenye kuniuliza."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nasoma habari za wakimbizi gazetini kama ninavyosoma hali ya hewa.

Akanionyesha pa kushukia. Nyumba ya Grand Avenue ni ndogo, ya rangi ya waridi, imefungwa, mbele kuna kibao cha historia. Nilipiga picha nne. Mzee wa jirani alinipungia mkono kutoka barazani akaendelea na redio yake. Basi, ndiyo hatari yote niliyokutana nayo.

Kabla sijashuka nilimnyoshea mama ile noti ya 20. Akaikunja, akanirudishia kiganjani.

"Acha, papa. Ku kwenu nilikulaka bure."

Mpaka leo sijajua kama alikuwa anatania. Noti ninayo.