Tangi limelala, hesabu zikasimama: nilivyochanganya fomula na namba

Jamaa yangu ana yadi ya malori Vingunguti, akaniambia kaka nitengenezee chati ya kupimia dizeli kwa kijiti. Tangi lake la duara limelazwa, kipenyo mita 2, urefu mita 5, na pale yadini kijiti kikilowa nusu mita wanasema hiyo ni robo, lita 3,927. Wapi! Ni lita 3,071 tu, sababu chini kule tangi ni jembamba, na hizo 850 na ushee ndo watu wanaitana wezi bure.

Nikafungua Python, lugha ya kuandikia programu, nikaipa SymPy, zana yake ya hesabu za herufi, iintigreti (yaani ijumlishe vipande vyembamba vya) upana wa duara kwa herufi tupu, bila namba. Ikarudisha jibu la vipande, kimoja kina namba changamano, hicho ni cha kimo kinachotoka nje ya duara, kwenye tangi hakipo, nikakitupa. Kilichobaki ni fomula safi, weka nusu kipenyo chochote na kimo chochote, kwahiyo hata akinunua tangi lingine la duara sirudii kazi. quad ya SciPy, zana nyingine ya Python inayointigreti kwa namba tu, nayo ikatoa 3,071 ile ile pamoja na makadirio ya kosa, ila hiyo kila ukibadili kipimo inabidi uiendeshe upya.

Sasa tangi la maji ya kuoshea malori, limebonyea ubavuni, halina fomula yoyote duniani. Likiwa tupu tukapima upana kila sentimita 10, vipimo 21, vipande 20, Simpson (kanuni ya kukadiria jumla kutokana na vipimo vya hatua sawa) anataka vipande shufwa so poa. Ila kabla sijamwamini nikamjaribu kwenye lile la duara ambalo jibu nalijua: akapungukiwa lita 70 na kitu kwa tangi zima! Nikagawa hatua nusu, vitabuni wanasema kosa linapungua mara 16, hapa likapungua kama mara 2.8 tu. Shida ni sakafuni na juu kabisa, upana unaanza sifuri halafu unafumuka ghafla, Simpson hapendi kona hizo. Ukiintigreti kwa pembe badala ya kimo shida inaisha, lakini bonyeo halina pembe bwana.

Tukarudi na futi, sentimita 20 za chini na 20 za juu tukapima kila sentimita 2.5, katikati tukaacha 10 vile vile, Simpson akapigwa kila sehemu kivyake tukajumlisha. Chati ya maji nimeiandika lita kwa makumi sababu ni makadirio, ya dizeli lita moja moja.