Ijumaa, Zaburi ya 88 na kiu ya mama

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya Rozari. Marehemu baba alikua katekista kule Rombo, mama ni WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) tangu sijazaliwa, jioni tulikua tunapiga magoti kwanza ndo tule. Kuomba nilifundishwa, kushukuru nilifundishwa sana. Ila kumlalamikia Mungu sikuwahi kujua kama mkristo anaruhusiwa, hili nimekuja kulijua ukubwani, baada ya figo za mama kufeli na kuhamia kwangu huku Dar ili awe karibu na mashine.

Wenye mgonjwa wa kusafisha damu watanielewa, wengine niwaeleze kidogo. Mara tatu kwa wiki, kwetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, anakaa kwenye kiti masaa manne damu inatoka mkononi inapita kwenye chujio inarudi. Mkono wa kushoto walimtengenezea fistula, yaani mshipa wa ateri wameuunga na wa vena, na kila asubuhi naweka vidole pale kusikiliza, ukisikia inatetemeka kama paka anayekoroma ujue iko salama. Chakula nacho kimebadilika, ndizi zina potasiamu nyingi kwahiyo mama wa kichaga ameambiwa apunguze ndizi, akitamani sana mtori, ule supu wa ndizi, tunazichemsha kwanza, tunamwaga maji, tunachemsha tena, na bado ni kidogo tu.

Yote hayo tumeyazoea. Maji ndo hatujayazoea. Figo hazitoi mkojo, kila anachokunywa kinabaki mwilini mpaka siku ya mashine, kikizidi miguu inavimba na pumzi inakata. Daktari kampa nusu lita kwa siku na humohumo kuna chai, kuna uji, kuna maji ya kumezea dawa. Na joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua. Nampimia kwenye kikombe cha plastiki chenye mistari pembeni, katikati nampa kipande cha barafu. Anakiweka mdomoni anakigeuzageuza taratibu, hakitafuni, kafumba macho, ukiangalia shavu unaona kinavyohama upande huu kwenda upande ule mpaka kinaisha. Alafu ananiambia, mwanangu, kingine. Namwambia mama subiri kidogo. Mama huyu ndo alikua anashuka korongoni kututekea maji, leo mimi nampimia, jamani.

Ijumaa Kuu ya mwaka huu nilikua kanisani, mateso yanasomwa ya Injili ya Yohana kama kila mwaka, tangu utoto nayasikia, tumesimama. Kufika pale Yesu anaposema "Naona kiu" miguu ikaisha nguvu nikakaa chini. Miaka yote hilo neno nilikua nalipita haraka nawahi kwenye kufa na kufufuka, sikuwahi kusimama hapo nikawaza kwamba Mwana wa Mungu alikua anataka maji, mdomo umekauka, mama yake yupo pale chini anamsikia hana cha kumpa, na wakampa siki. Sikupata jibu lolote kuhusu figo siku ile. Ila tangu hapo nikimpa mama barafu najua nimesimama karibu na nani.

Kabla ya hapo nilikua nimekauka kabisa. Nilimwendea Padre nikamwambia Padre nikifungua mdomo kusali nakuta hasira tupu, nikajua atanipa mahubiri, hakunipa. Akasema nenda kasome Zaburi ya 88, isali hivohivo ilivyo, usiongeze kitu cha kuipamba. Nikaenda kuisoma. Zaburi za kilio ni nyingi lakini karibu zote mwishoni zinageuka, ya 13 kwa mfano inaanza kwa kuuliza hata lini na inaisha kwa kuimba. Ya 88 haigeuki. Mtu analia usiku na mchana, anauliza kwanini Mungu anamficha uso, marafiki wamemkalia mbali, na inaishia gizani, basi, hakuna mstari mwingine. Na Kanisa halikuitoa! Limeiweka kwenye sala ya mwisho kabla ya kulala kila Ijumaa, watawa na mapadre dunia nzima wanaisali. Kwahiyo Ijumaa usiku mama karudi kutoka mashine kachoka hata kuongea hawezi, mimi nimekaa pembeni ya kitanda naisali kwa sauti ya chini, na najua kuna sista mahali fulani yeye hana shida yoyote siku hiyo lakini anayasema maneno yaleyale kwa ajili yetu. Hilo limenishika kuliko mafundisho mengi niliyosikia. Tena mtu wa zaburi ile, pamoja na giza lote, ameanza kwa kumwita "Mungu wa wokovu wangu". Analia lakini analia kwake.

Siku moja nikamuuliza mama kama hajawahi kumkasirikia Mungu. Akasema namwambia kila siku, kwani unataka nikamwambie nani?

Walikuja pia watu wenye majibu. Mmoja alisema tutoe mbegu, yaani sadaka ya pesa, akataja na kiasi, mama atainuka. Mwingine alitaka tutafute dhambi iliyofichwa kwenye ukoo. Wapendwa, naomba sana, ukienda kwa mgonjwa usiende hivo. Rafiki zake Ayubu walikaa nae chini siku saba bila kusema neno na hapo walifanya vizuri, walipoanza kueleza ndo waliharibu, na mwishoni Mungu mwenyewe anawaambia hawakusema yaliyo sawa kama Ayubu. Ayubu aliyelalamika kitabu kizima!

Jumuiya yetu, yaani wakatoliki majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, imenifundisha tofauti. Inaitwa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, yule mtawa wa Ufaransa, na kwakweli nilikua namjua kwa maua ya waridi tu mpaka nilipomsoma vizuri. Alikufa mwaka 1897 na kifua kikuu, ana miaka 24. Kuanzia Pasaka ya 1896 aliingia kwenye giza la imani, mbingu aliyoipenda tangu mtoto ikawa kama haipo, na giza halikuondoka mpaka anakufa. Ila aliandika kwamba ndani ya mwaka ule alikiri imani mara nyingi kuliko maisha yake yote ya nyuma. Kwahiyo kuona giza sio kwamba imani imekufa, nalisema hili kwa mtu yeyote anayesoma akiwa huko.

Na wanajumuiya, sijui niwaelezeje. Kuna mama mmoja ana genge la kuuza mboga pale barabarani, kila Jumatano anamwachia mwanae genge anampeleka mama kliniki ili mimi niende kazini, hajawahi kuniambia neno lolote la dini kuhusu hilo, anafika saa 11 alfajiri ana kanga na mto wa kukalia. Wengine wanachanga nauli. Siku ambazo mimi siwezi kusali wao wanasali, na nikisoma habari ya wale wanne waliotoboa dari kumshusha mwenzao aliyepooza, naona Injili inasema Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba. Mimi nimebebwa hivo, na mama pia.

Siku zangu za kawaida bado ni zilezile. Nasali Rozari kwenye basi la mwendokasi kwa vidole maana ukitoa rozari yenyewe na ule msongamano inakatika, Jumanne na Ijumaa matendo ya uchungu, mara nyingi nafika Kimara sijamaliza. Mama hajapona. Wiki hii vipimo vya damu vimeshuka kidogo, tumeongezewa sindano.

Novena, yaani sala ya siku tisa, ya Mtakatifu Teresa inaanza tarehe 22 Septemba hadi 30, kisha tarehe 1 Oktoba ni sikukuu yake. Mwaka huu mwenyekiti wa jumuiya kakubali tuisalie nyumbani kwetu ili mama asihangaike kutoka, saa 12 na nusu jioni. Mama kashaniambia ninunue mishumaa na kwamba siku ya kwanza zaburi atasoma yeye.