Sindano za Kichina na chango la hedhi, nilivyoona huku Guangzhou

Mimi chango limenitesa tangu niko form two, na nyumbani jibu ni lile lile, vumilia mwanangu, ukizaa litaisha. Nimekuja kusoma huku China nikakuta na wenyewe wanaumwa vilevile, ila roommate wangu kwanza ananikorogea maji ya moto na sukari nyekundu na tangawizi, likizidi ananiambia nenda kachomwe sindano. Basi nikaenda, hospitali ya tiba za asili za Kichina, unajiandikisha dirishani na pasipoti yako, unalipa kwa simu ndo unamuona daktari.

Mama mtu mzima hivi, akaangalia ulimi, akanishika mapigo mikono yote miwili, halafu akaniuliza nina mimba na nilivyosema sina akauliza tena, maana kuna sehemu wanayoitegemea sana kwa chango inaitwa sanyinjiao, vidole vinne juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, na mjamzito huwa hawamchomi hapo. Sindano ni nyembamba kama unywele, haina dawa ndani, ikiingia wala husikii, ila akianza kuizungusha weee mguu unakuwa mzito unavuta kwa ndani, na yeye ndo anachotaka hicho, ukisema husikii anazungusha tena. Unalala nazo kama nusu saa, taa ya joto tumboni, na pembeni wanachoma moksa, majani ya jamii moja na pakanga, unarudi hosteli nguo zote moshi mtupu.

Inasaidia? Kwangu ndiyo, nikienda wiki moja kabla ya siku zangu, ile siku ya kwanza naingia darasani badala ya kujikunja kitandani. Ila siwadanganyi, mwaka 2016 Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia tafiti 42 wakasema ushahidi bado hautoshi, wakati ibuprofen, ile dawa ya maumivu, inajulikana kabisa inafanyaje kazi, inapunguza prostaglandini, zile kemikali za mwilini zinazofanya mfuko wa uzazi ubane. Kwa hiyo mimi sindano naenda na ibuprofen iko kwenye pochi, nakunywa nikishakula.

Mlioko Dar au Nairobi mkitaka kujaribu, hakikisha pakiti ya sindano inafunguliwa mbele ya macho yako. Na kama maumivu yanazidi kila mwezi au damu inatoka mabonge mabonge, anza kwa daktari wa akina mama akupime, faibroidi, ule uvimbe wa kwenye mfuko wa uzazi, haziyeyuki kwa sindano.