Kupima mwanga wa Mji Mkongwe kwa kamera ya filamu

Anayeanza kupiga picha za filamu hapa Unguja huambiwa kwamba kwetu jua ni la kutosha, kwa hiyo mwanga hautamsumbua. Mimi naona kinyume chake. Tuko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri husimama karibu na utosi, na hatua chache tu hutenganisha ukuta wa chokaa unaomeremeta na uchochoro ambao jua haliufikii kabisa.

Kanuni ya zamani bado inafaa kuhifadhiwa kichwani: jua likiwa wazi, tundu la lenzi liwe f/16 (namba ya f ikipungua, tundu hupanuka na mwanga huongezeka), na kasi ya shata, yaani muda ambao filamu hufunuliwa kwa mwanga, ikaribiane na namba ya ASA ya filamu, ambayo ni kipimo cha wepesi wake wa kuhisi mwanga, yaani 1/125 ya sekunde kwa ASA 100 na 1/500 kwa ASA 400. Kanuni hiyo inatosha Forodhani saa nne asubuhi. Mawingu ya masika hudai f/8 au f/5.6, na ukiingia vichochoro vya Mkunazini hudai f/4, mara nyingi hata f/2.8.

Penye taabu zaidi ni mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera. Mita haijui inatazama nini; imetengenezwa ikidhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani, chenye kurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Chukua mfano wa mzee aliyevaa kanzu nyeupe, amekaa barazani mbele ya mlango wa kuchongwa wenye misumari ya shaba (ruhusa huombwa kwanza, tena baada ya maamkizi). Ukiielekeza mita kwenye kanzu, itakuamuru upunguze mwanga, na uso wa mzee utazama gizani pamoja na nakshi zote za mlango. Ukiielekeza kwenye mlango, itakuamuru uongeze, na kanzu itaungua hata darizi ya shingoni isionekane. Mita haikuharibika katika hali yoyote kati ya hizo mbili, imejibu ilichoulizwa.

Njia ninayoipendekeza ni kiganja. Kinyooshe katika mwanga ule ule unaompiga mzee, kijaze ndani ya kioo cha kutazamia, usome mita, kisha fungua lenzi hatua moja zaidi, kwa kuwa kiganja huwa cheupe kuliko kijivu cha wastani takriban kwa kiasi hicho. Mita ikisema f/8, weka f/5.6. Filamu ya negativu (ambayo penye mwanga hutoka peusi na penye giza hutoka peupe), ya rangi au nyeusi na nyeupe, huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, ndiyo maana wengi huiweka mita kwenye 200 wakati filamu ni ya ASA 400, ili ipate mwanga zaidi, nami nawaunga mkono. Filamu ya slaidi, ambayo hutoa picha yenyewe moja kwa moja bila negativu, haina uvumilivu huo na isifanyiwe hivyo.

Kamera yenyewe nayo ichunguzwe kabla ya kuaminiwa. Mita za seleniamu, kama ile ya kamera ya Zenit-E, huendeshwa na mwanga wenyewe na hazitumii betri, lakini hudhoofika kwa uzee. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo haziuzwi tena. Baadhi yake zikitiwa betri ya leo ya volti 1.5, mita hudhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na picha hutoka na giza. Linganisha mita hiyo na programu ya simu mbele ya ukuta mmoja, na ujue tofauti yake kabla ya kutia filamu.

Filamu ikishasafishwa, hukumu kwa negativu, usihukumu kwa picha iliyochapishwa, kwani mashine ya kuchapisha huweza kufidia makosa yako bila wewe kujua. Inua negativu kwenye mwanga utafute sehemu zilizokuwa kivulini, kama vile chini ya baraza au ndani ya mlango ulio wazi. Zikiwa tupu kama kioo, mwanga ulipungua na hakuna wa kuurudisha. Zikiwa na alama hafifu za mawe na mbao, kipimo chako kilitosha.