Benzi ya dizeli au ya petroli: nilivyochagua nikiwa Mbeya

Ukiulizia gari hapa Mbeya, hujamaliza kusema utaambiwa chukua dizeli. Sababu zinafuata zenyewe: milima yetu, safari ndefu ya Dar es Salaam, na kwamba dizeli hainywi. Nimezisikia kwa wauza mpunga wenzangu kule Igurusi, kwa madereva wa semi Tunduma, hata kwenye vikao vya harusi. Nilipoamua kuagiza gari la kutembelea la hadhi, ambalo naweza kukaa ndani yake siku nzima nikashuka mgongo hauumi, nilitaka kuzipima sababu hizo moja moja kabla hela haijatoka. Ni hela ya magunia, imekusanywa msimu hadi msimu.

Macho yangu yalikuwa kwenye Mercedes-Benz E-Class ya umbo lililoanza kuuzwa mwaka 2016. Shambani naenda na pikapu, kwa hiyo sikuhitaji gari la kupanda matuta. Ndani ya umbo hilo nilibaki na mawili: E 220 d ya dizeli na E 200 ya petroli. Yote mawili yana injini isiyofika cc 2,000, na hilo nililitaka makusudi. Ushuru wa bidhaa kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, likizidi hapo ni asilimia 10, na hiyo ni juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Umri nao una bei yake: gari likipita miaka 8 linaongezewa asilimia 15, likipita 10 linaongezewa 30. TRA wanaangalia ukubwa wa injini, umri na thamani. Dizeli na petroli kwao ni sawa, kwa hiyo upande wa kodi haukuniamulia chochote.

Nikaanza na milima, kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukishika barabara ya Chunya unapanda zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini inayovuta hewa yenyewe bila tabo, yaani feni ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nadhani sifa ya dizeli ilizaliwa hapo. Miaka iliyopita watu walikuwa wanalinganisha dizeli yenye tabo na petroli isiyo nayo, na kwenye mlima petroli ilikuwa inaachwa mbali. Lakini E 200 nayo ina tabo. Nguvu yake ya kuvuta ni niutoni-mita 300, na inaipata yote kuanzia mizunguko 1,200 tu kwa dakika. E 220 d inatoa 400 kuanzia mizunguko 1,600.

Nilibahatika kuendesha zote mbili, moja ya ndugu, nyingine ya mfanyabiashara mwenzangu. Kitonga, nyuma ya semi linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, pakitokea nafasi ya kulipita unataka gari liitike pale pale. Dizeli iliitika bila kupiga kelele, gia haikushuka sana. Petroli ilishusha gia mbili, injini ikanguruma, ikapita vilevile. Mlima Nyoka ilikuwa hivyohivyo. Tofauti ipo, na mimi naipenda ile ya dizeli, ila siyo ile niliyohadithiwa ya gari kukwama na gari kupaa. Anayenunua petroli yenye tabo asiogopeshwe na milima yetu.

Sababu ya ulaji wa mafuta ilisimama vizuri zaidi. Petroli huwashwa na cheche ya plagi. Dizeli haina cheche: hewa peke yake inabanwa hadi inapata joto la kutosha, mafuta yakinyunyizwa ndani yanawaka yenyewe. Kule kubana sana ndiko kunakofanya joto lingi zaidi la mafuta ligeuke mwendo. Rudolf Diesel alilionyesha hilo kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na Mercedes-Benz wenyewe walianza kuuza gari dogo la dizeli, 260 D, mwaka 1936. Tena lita ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli na ina nishati zaidi kwa kama sehemu ya kumi. Vipimo vya kiwanda vinasema E 220 d inatumia lita 3.9 kwa kilomita 100, na E 200 lita 5.9. Vipimo hivyo havijawahi kuonana na Kitonga. Barabarani kwetu, dizeli ilikwenda kama kilomita 17 kwa lita na petroli kama 12.

Mbeya hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 830. Kwenda na kurudi, kwa viwango hivyo, dizeli inakula karibu lita 98 na petroli karibu 138. Lita ikiwa shilingi 3,000, umeokoa shilingi 120,000 kwa safari moja. Hapa watu wengi wanaharakia kuangalia bei ya sheli ya mwezi huu: EWURA wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mara petroli iko juu, mara dizeli. Mwaka 2022 dizeli iliipita petroli. Mimi siwezi kununua gari la miaka mingi kwa bei ya mwezi mmoja. Nilichokishika ni hizo lita 40, kwa sababu zenyewe hazipandi wala kushuka.

Kilichobaki kilikuwa kikubwa kuliko yote, nacho ni matumizi yangu mwenyewe. Nilichukua daftari nikawa naandika kila ninapowasha gari nililokuwa nalo: nimetoka wapi, nimefika wapi, kilomita ngapi. Ukihesabu mara za kuwasha, nyingi zilikuwa za mjini: Forest hadi benki, benki hadi Mwanjelwa, shuleni, nyumbani. Ukihesabu kilomita, mji ulikuwa kitu kidogo. Kilomita zilikuwa Makambako, Njombe, Tunduma na Dar.

Hesabu hiyo ni ya lazima kwa mtu anayetaka dizeli ya kisasa, kwa sababu ya chujio la masizi. Limekaa kwenye bomba la moshi, linakamata masizi, na likijaa linajichoma lenyewe. Ili masizi yaungue kunatakiwa joto la karibu nyuzi 600. Joto hilo linapatikana gari likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu kwa dakika kadhaa mfululizo. Kwa safari za Mwanjelwa na kurudi, hasa asubuhi za Juni na Julai tunapotoka nje na makoti, injini haijapata hata moto wake wa kawaida na wewe umeshazima. Gari linajaribu kuchoma, unalikatiza. Linajaribu tena, unalikatiza. Dizeli ya ziada iliyonyunyiziwa ili kuongeza joto inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, chujio linazidi kuziba, taa inawaka kwenye dashibodi, halafu gari linapunguza nguvu lenyewe ili lisijiumize. Gari bovu haliko hapo. Limepewa kazi isiyo yake.

Nilikwenda mtaa wa Soweto, hapahapa Mbeya, kwa fundi mmoja mtu mzima anayeheshimika kwa pampu za malori.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Leo umeleta lori?"

Nikamweleza. Alinijibu kwa ukweli ambao namshukuru hadi leo: "Mama, pampu ya lori la zamani naifungua na kuifunga. Hizi za gari dogo siku hizi sizifungui. Presha yake ni nyingine, na bila kompyuta yake utabahatisha tu. Nozeli zikisumbua, tutazituma Dar."

Maneno yake yana msingi. Katika E 220 d mafuta yanasukumwa kwa presha inayofika bar 2,050, wakati petroli ya E 200 ni kama bar 200. Kwa presha ile ya dizeli, tone la maji au mchanga laini unatosha kuua nozeli zinazonyunyiza mafuta. Watu wa huku tunajidanganya kwamba tumezungukwa na mafundi dizeli kwa sababu ya malori ya njia ya Zambia. Mafundi tunao, tena hodari, ila anayejua lori la mwaka 1998 si lazima ajue dizeli ya kifahari. Hilo niliandika kwenye daftari upande wa petroli.

Fundi mwingine, kijana, alikuwa na jibu jepesi kwa chujio: tunalitoa, tunaidanganya kompyuta, gari linakuwa jepesi. Nilikataa na ningekataa tena. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nikipeleka watoto shuleni, bomba langu la moshi liko karibu na pua zao pale getini. Siwezi kutoa mamilioni kununua gari la Ulaya kisha niling'oe kile kilichowekwa kuwalinda watoto. Kama huwezi kuliendesha kwa namna inayolisafisha chujio, nunua petroli.

Mafuta yenyewe nayo yalinitia wasiwasi. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Magari haya yalitengenezwa kwa dizeli ya Ulaya ya sehemu 10. Yanakwenda kwa hii yetu, ila oili inachoka mapema. Hatari kubwa zaidi ni madumu. Kando ya barabara kuu dizeli ya bei ya chini haikosekani, imetoka kwenye matangi ya malori, na hakuna anayejua imepitia wapi. Serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ilikuwa inapambana na uchakachuaji wa kuyachanganya kwenye dizeli, na vinasaba, yaani alama za siri, vinavyowekwa kwenye mafuta vinasaidia kuwakamata wenye vituo, lakini dumu la kichakani halipimwi na mtu. Nilijiwekea sheria kabla hata ya kulipia gari: sheli zenye malori mengi ambako mafuta hayakai, na nikikuta tenka linashusha napita, kwa sababu uchafu wa chini ya tangi unakuwa umetibuliwa.

Kwa hiyo nikachukua dizeli, kwa sababu ya kilomita za barabara kuu na si kwa sababu ya milima. Wakala alinionyesha pia E-Class za dizeli za umbo la kabla, kutoka Uingereza, kwa bei ya kuvutia. Bei hiyo ina chanzo. Tangu Aprili 2019 London inatoza pauni 12.50 kwa siku kwa gari la dizeli linaloingia katikati ya jiji bila kufikia Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, na Agosti 2023 eneo hilo lilipanuliwa hadi London nzima. Dizeli za Euro 5 zikakosa kwao, zinakuja kwetu. Ukijumlisha ile asilimia 15 ya umri, unafuu unayeyuka. Nilichukua la karibu zaidi, lenye Euro 6. Na kwa anayeagiza kutoka Uingereza, omba namba ya usajili ya kule: kumbukumbu za ukaguzi wao wa kila mwaka ziko wazi mtandaoni bure, na maili lilizotembea zimeandikwa kila ukaguzi. Niliyakataa magari ambayo maili zake hazikufuatana, na jingine ambalo lilitembea kidogo sana kwa dizeli. Gari la dizeli lililokuwa linapelekwa dukani tu linanitisha kuliko lililotembea sana.

Mdogo wangu yuko Iringa mjini. Kazi yake iko Gangilonga, nyumba haiko mbali, na Dar anakwenda kwa basi akipenda. Aliniambia, "Dada, na mimi niagize kama lako." Nikampa daftari. Aliandika mwezi mmoja, akaagiza E 200 ya petroli, na anaifurahia: asubuhi inapata moto haraka, haina chujio la kubembeleza wala maji ya urea ya kujaza.

Hayo maji ya urea, AdBlue, ndiyo kitu kipya nilichozoea. Ni urea asilimia 32.5, iliyobaki ni maji safi, inanyunyiziwa kwenye moshi kupunguza sumu. Ikiisha, gari linakuhesabia kilomita kisha linakataa kuwaka. Mimi nanunua Tunduma kwenye duka la spea za malori mapya, nabeba dumu moja la akiba kwenye buti. Usikubali mtu akukorogee urea ya kukuzia mahindi. Ya shambani ina uchafu na nyongeza zinazoziba nozeli yake na kuharibu mfumo. Oili nanunua yenye herufi C kwenye alama ya ACEA, chama cha watengeneza magari wa Ulaya, ya majivu machache, na naimwaga mapema sana kuliko ratiba ya Ulaya. Filta ya dizeli nabadilisha nayo. Na sheli, kabla kijana hajafungua kifuniko, nashuka namwambia "dizeli", narudia, kwa sababu akiona Benzi mkono wake unakwenda kwenye petroli.