Fundi umeme, anza na mhuri ndipo uchague chuo

Hii iko kila mtaa unaojengwa. Nyumba imeezekwa, fundi ametindua kuta, amepitisha konduti (mabomba ya kupitishia waya), amevuta waya, soketi na swichi zimekaa sawa. Mwenye nyumba anakwenda kuomba TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wamvutie umeme, anaambiwa alete mchoro wa wayaringi uliogongwa mhuri wa mwenye leseni. Fundi hana mhuri. Anampigia anayeukodisha, mhuri unakuja, na sehemu ya hela ya kazi inaondoka nao. Aliyegonga mara nyingi hata nyumba hajaiona, ila siku ikiungua, jina lililo kwenye karatasi ni lake.

Kwa hiyo kijana wa kidato cha nne akiuliza asome wapi umeme, swali lake limeanzia katikati. Aanze na leseni iliyo nyuma ya mhuri huo, ile ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Leseni za ufungaji umeme zina madaraja, A likiwa la juu, na kila daraja lina kiwango chake cha elimu na uzoefu. Soma masharti ya daraja unalolitaka, andika cheti kinachotakiwa, halafu tafuta chuo kinachotoa cheti hicho hasa. Wengi hufanya kinyume: wanaanza na chuo kilicho karibu na kituo cha daladala, na habari za leseni wanazisikia miaka mitatu baadaye.

Tatizo jingine ni neno lenyewe, “cheti”. Linabeba vitu vitatu tofauti. Kuna cheti cha kozi fupi ya wiki kadhaa au miezi mitatu, ambacho kinasema ulihudhuria na ukajifunza kitu fulani. Kuna tuzo ya ufundi stadi, NVA, yenye ngazi ya I, II na III. Hii ndiyo njia ya VETA, mamlaka ya serikali ya ufundi stadi, na vyuo vingine vya ufundi stadi. Halafu kuna NTA, ngazi za tuzo za elimu ya ufundi: ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, na juu yake digrii. Matangazo ya vyuo hupenda kuandika “cheti cha umeme” na kuishia hapo. Uliza: NVA ngazi ya ngapi, au NTA ngapi? Anayekujibu “kinatambulika tu” hajakujibu.

Chuo cha binafsi kikague kwa NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya ufundi, kwenye orodha yao ya mtandaoni, na usiishie kwenye jina la chuo. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wakati kozi ya umeme katika ngazi unayotaka haimo. Hapo wanafunzi hupoteza mwaka mzima, kwa sababu kila mtu aliona bango la usajili getini akaridhika.

Aliyemaliza la saba bado ana nafasi: VETA zipo fani zinazompokea, na vilevile Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile 54 vilivyoanza kuanzishwa 1975, ambavyo watu wa mjini huvisahau. Huko mtu mzima, au mama aliyeacha shule akiwa na ujauzito, hasomi akijiona mgeni. Wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne, yale ya dini yakiwekwa kando, anaweza kufikiria NTA 4 moja kwa moja, lakini asome mwongozo wa udahili wa mwaka husika kozi kwa kozi, maana ya uhandisi hudai fizikia na hisabati kwa namna yake. Na tangu 2024 baadhi ya sekondari zina mkondo wa amali, ufundi ukisomwa pamoja na masomo ya kawaida. Mzazi anayeudhani ni wa walioshindwa aulizie Ifunda, Moshi au Tanga, shule za ufundi zilizokuwepo miaka mingi kabla ya jina hili jipya.

Ushauri wangu kwa anayetaka kufunga nyumba, si kukaa ofisini: NVA kwanza. Mkono unashika kazi mapema, na mwenye NVA III aliye na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu unaotakiwa anaweza kuingia njia ya NTA baadaye.

Ada isikudanganye. Katika vyuo vya VETA kozi ndefu zimekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na Sh 120,000 kwa bweni. Kinachowarudisha watu nyumbani ni vingine: ovaroli, buti, vifaa, nauli ya kutwa, na kula wakati wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Praizi, bisibisi mbili zenye mpini wa kuhami, testa na multimita ya kawaida ni vya mwanzo, na ni vyako hata baada ya chuo.

Sasa fundi wa miaka kumi asiye na karatasi. Huyu halazimiki kukaa na vijana wa miaka 17 kuanzia “umeme ni nini”. VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unaomba, unahojiwa, unaonyesha ushahidi wa kazi zako, unapewa mafunzo ya kuziba mapengo, kisha unapimwa kwa vitendo. Serikali imekuwa ikigharamia makundi kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo tangazo likitoka lisikupite.

Mafundi wazoefu hujikwaa kwenye kupimwa, na mara nyingi kwa mambo madogo. Chukua taa ya ngazi inayowashwa chini na kuzimwa juu. Swichi ya njia mbili ina sehemu tatu za kufungia waya: komoni, L1 na L2. Laivu, waya inayoleta umeme, inaingia kwenye komoni ya swichi ya kwanza, waya mbili zinaunganisha L1 na L2 za swichi zote mbili, na komoni ya pili inakwenda kwenye taa. Fundi aliyezoea kubahatisha huingiza laivu kwenye L1. Taa inawaka, anafurahi, lakini ukiigeuza swichi nyingine taa inazimika na ile ya kwanza haiwezi tena kuirudisha. Kosa la pili ni baya zaidi: swichi kukata nyutro, waya ya kurudishia umeme, badala ya laivu. Taa inawaka na kuzimika vizuri kabisa, huku holda ina umeme muda wote, na anayebadilisha globu akiwa amezima swichi anapigwa.

Kisha saizi ya waya. Milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, jiko kwa kawaida 6, na breka inalinda waya, si kifaa. Soketi za mstari mmoja wa 2.5 breka yake ni ampea 20. Ukiiweka 32 kwa sababu 20 “inakatakata”, umeamua waya ndani ya ukuta upate moto kabla breka haijashtuka. Mtathmini atakuuliza sababu, na “ndivyo tunavyofanya” haina alama.

La mwisho ni kupima kabla ya kuwasha. Wengi hawajawahi kushika mega, kifaa cha kupima kama waya zinavuja umeme. Toa globu, chomoa vifaa vyote, pima kwa volti 500 kati ya laivu na ethi (waya ya ardhini), nyutro na ethi, laivu na nyutro. Chini ya megaohmu 1 kuna kasoro, itafute: msumari uliopenya konduti, au boksi lililoingia maji wakati wa plasta. Plasta mbichi peke yake inaweza kushusha usomaji, kwa hiyo andika na hali ya ukuta.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, panga majina. Cheti cha kuzaliwa, cha shule na kitambulisho cha taifa cha NIDA vikitofautiana herufi moja, tafuta kiapo kwa wakili mapema. Jina likiwa limebadilika kabisa utahitaji hati ya kubadili jina. Maombi ya leseni ya EWURA hufanyika mtandaoni, kwenye mfumo wa LOIS, na tofauti ya majina hukwamisha hata maombi yenye sifa zote.

Ushahidi wa kazi uanze leo, hata kama maombi ni mwakani. Kila nyumba: tarehe, mahali, idadi ya taa na soketi, saizi za waya, vipimo vya mega, simu ya mwenye nyumba. Na picha. Ukuta uliokwisha kupigwa rangi haumwambii mtathmini chochote, kwa hiyo zipige picha konduti zikiwa bado wazi, na ipige picha meinswichi mfuniko ukiwa umetolewa ili njia za waya zionekane.